Dola Iliyoandikwa HAWAII: Isome Noti Yako Kabla Hujamtumia Mtu Ada

Somo la leo linaanzia Likoni na kuishia katikati ya Bahari ya Pasifiki, kwa hivyo jitilie chai kwanza.

Jumapili moja jioni binamu yangu alinipigia simu, sauti yake ikiwa ya mtu aliyeokota kitu. "Ile dola ya Mjomba imepata mnunuzi," akasema. Mjomba wetu alikuwa baharia. Alizunguka na meli miaka mingi, na mpaka leo ana mkebe wa biskuti uliojaa sarafu za bandari alizopitia. Humo ndani mna noti moja ya zamani ya dola moja ya Marekani, imekunjwa mara mbili, na mgongoni imeandikwa HAWAII kwa herufi kubwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Binamu aliipiga picha, akaiweka kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaosema wananunua pesa za kale. Haikupita saa moja. Mtu akamwahidi shilingi 300,000, ila kwanza atume 3,500 za "usajili wa noti". Akatuma. Halafu akaitishwa 8,000 za "cheti cha ukaguzi", na hapo ndipo aliponikumbuka.

"Usitume kitu," nikamwambia.

"Kwani wewe unajua ni ya pesa ngapi?"

Sikujua. Mimi nilisomea masoko, mambo ya sarafu nilikuwa nayasikia tu. Lakini swali lile lilinikera, nikaanza kusoma, na kumbe pesa za Hawaii ni darasa zima. Ukizielewa, utaelewa pia kwa nini yule "mnunuzi" hakuwa mnunuzi hata kidogo.

Dola yenye breki

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia kambi ya wanamaji ya Marekani ya Pearl Harbor, kwenye kisiwa cha Oahu. Hawaii wakati huo haikuwa jimbo, ilikuwa eneo la Marekani lililo mbali sana na bara. Ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Hofu kubwa ilikuwa kwamba Japani ingerudi, mara hii na wanajeshi wa kushuka nchi kavu. Na kama wangeviteka visiwa, wangekuta nini? Mabenki, maduka na mifuko ya watu iliyojaa dola za kawaida, zile zile zinazokubalika New York na kwingineko duniani. Adui angezichukua na kuzitumia kununua anachotaka.

Sasa fikiria kama mwenye simu. Simu yako ikiibiwa unakimbilia kufunga laini, ili mwizi abaki na kipande cha kioo kisicho na faida. Noti haina laini ya kufunga. Dola iliyoko Honolulu na dola iliyoko Chicago ni pacha, na huwezi kuiua moja bila kuiua nyingine. Maafisa wa Marekani walitafuta namna ya kuzitofautisha.

Tarehe 10 Januari 1942 gavana wa kijeshi, Jenerali Delos Emmons, alitoa amri watu warudishe noti zao. Mtu binafsi aliruhusiwa kubaki na dola zisizozidi 200, na biashara zisizozidi 500. Kisha, kuanzia tarehe 25 Juni 1942, zikaletwa noti mpya: dola 1, 5, 10 na 20. Mchoro ulikuwa ule ule wa kawaida, ila muhuri wa hazina na namba za noti zilichapwa kwa rangi ya kahawia, neno HAWAII likasimamishwa wima pande zote mbili za uso, na mgongoni likatandazwa kwa herufi kubwa zilizo wazi katikati. Baada ya muda mfupi zikawa ndizo noti pekee zilizoruhusiwa visiwani bila kibali maalum. Visiwa vingetekwa, Washington ingetangaza kwamba noti zote zenye HAWAII si pesa tena, na adui angebaki na karatasi.

Ukitazama tarehe, kuna jambo la kuchekesha kidogo. Vita vya Midway, ambako Marekani ilizizamisha meli kubwa za ndege za Japani na hofu ya uvamizi ikaanza kupungua, vilipiganwa mwanzoni mwa Juni 1942. Noti zilianza kutoka wiki chache baadaye. Breki ilifungwa gari likiwa tayari limepita mteremko. Ila hakuna aliyejua hivyo wakati ule, na mimi siwalaumu.

Tatizo lililofuata ni la zile noti za zamani zilizorudishwa, zaidi ya dola milioni 200. Kuzipakia melini kuzirudisha bara kulikuwa hatari, kwa sababu bahari ilikuwa ya vita. Ikaamuliwa zichomwe pale pale. Walianza kuzichoma kwenye tanuri la kuchomea maiti huko Nuuanu, Honolulu. Likalemewa. Wakahamia kwenye tanuri la kiwanda cha sukari cha Aiea, na juu ya bomba la moshi wakafunga wavu mwembamba ili kipande cha noti kisichoungua kisipeperuke kikaangukia mtu kichwani. Nimekaa na picha hiyo akilini siku nyingi: kiwanda cha miwa kinachoma dola usiku na mchana, na nje kuna harufu ya karatasi badala ya molasi.

Masharti ya kutumia noti hizi peke yake yaliondolewa Oktoba 1944, na kuanzia 1946 serikali ikaanza kuziondoa sokoni taratibu. Lakini hazikufutwa kamwe. Hili ndilo jambo ambalo binamu yangu alikuwa hajui, na pengine hata wewe: noti ya HAWAII ya mwaka 1942 bado ni pesa halali ya Marekani leo. Dola moja ni dola moja. Thamani yake haiwezi kushuka chini ya hapo hata ikichakaa vipi. Linganisha na ile noti yetu ya elfu ya zamani. Ilitangazwa Juni 2019 kwamba inafutwa, ukapewa mpaka tarehe 30 Septemba mwaka huo, na zaidi ya noti milioni 7 hazikurudi. Hizo zilikufa.

Kusoma noti ya Mjomba

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mtu akikuletea noti ya HAWAII, usianze na neno HAWAII. Neno hilo ndilo rahisi kughushi. Mtu mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuchukua dola ya kawaida ya miaka ile, akaibandika HAWAII juu yake, akaiuza mara kumi. Anza na rangi. Dola 1 ya kawaida ya wakati ule, ile iliyoitwa hati ya fedha, ilikuwa na muhuri wa buluu. Noti za kawaida za benki kuu, za 5, 10 na 20, zilikuwa na muhuri wa kijani. Noti halali ya HAWAII ina muhuri wa kahawia na namba za kahawia. Ukiona HAWAII na muhuri wa buluu, mwambie mwenyewe asante, umeshiba.

Pili, soma mwaka wa toleo, ulioandikwa kwa herufi ndogo usoni. Usishangae, si 1942. Dola 1 ni toleo la 1935 lenye herufi A. Zile za 5 na 20 ni za 1934 au 1934 A, na ya 10 ni ya 1934 A. Wakati ule Wamarekani walibadilisha mwaka wa toleo mchoro ulipobadilika, na herufi kwa mabadiliko madogo kama ya saini za wakubwa, kwa hivyo mwaka ulioandikwa si mwaka wa kuzaliwa kwa noti. Noti za 5, 10 na 20 za Hawaii zote zilitolewa kupitia benki kuu ya tawi la San Francisco, na namba zake huanza na herufi L. Ikianza na herufi nyingine na imeandikwa HAWAII, kuna shida.

Tatu, tafuta nyota. Noti iliyoharibika kiwandani ilibadilishwa na nyingine yenye nyota ndogo kwenye namba. Hizo ni chache, na ndizo ambazo wakusanyaji hupigania.

Nne, na hapa mioyo huvunjika, angalia hali. Noti ya dola 1 ya HAWAII ilichapwa zaidi ya nakala milioni 35. Milioni 35! Wanajeshi na mabaharia wengi walirudi nyumbani na moja mfukoni kama ukumbusho, na ndiyo maana ziko nyingi mpaka leo. Iliyotumika, yenye mikunjo na kona zilizochakaa, huuzwa Marekani kwa makumi ya dola. Ikiwa mpya kabisa, haijawahi kukunjwa, bei inapanda sana. Ya dola 5 na 20 ikiwa safi ni ngumu zaidi kupatikana kuliko ya dola 1.

Nikampigia Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umeambiwa habari ya dola yangu?"

Nikamwomba aifungue noti na kuniambia rangi ya muhuri. Kahawia. Nyota? Hakuna. Mikunjo? "Nimeikunja mimi mwenyewe, tangu mwaka wa sabini na tatu iko hivyo." Halali kabisa, basi, na imechoka. Makumi ya dola, si shilingi laki tatu. Mnunuzi wa kweli angeliona hilo kwenye picha kwa sekunde tano, kwa hivyo yule aliyeahidi laki tatu hakuitazama noti. Alikuwa anatazama 3,500.

Dala, keneta na herufi moja iliyopotea

Ningeishia hapo, lakini nilipoanza kusoma sikuweza kuacha, kwa sababu kabla ya dola za vita Hawaii ilikuwa nchi yenye mfalme wake na pesa zake. Na pesa hizo zimeandikwa kwa lugha ambayo sikio la Mswahili linaisikia kama jirani.

Chukua sarafu kubwa ya fedha ya 1883. Imeandikwa AKAHI DALA, yaani dola moja. Dala! Wenzetu wa Tanzania waliita sarafu ya shilingi tano dala, na ndiko lilikotoka jina la daladala. Wahawaii na Waswahili hawakukopeshana. Wote wawili walichukua neno la wageni wakalimalizia kwa irabu, kwa sababu ulimi wao haupendi neno liishie na konsonanti. Senti kwao ikawa keneta, kwa kuwa Kihawaii hakina sauti ya s. Nusu dola ni hapalua, robo ni hapaha, na thumuni ya dola ni hapawalu: neno hapa ni "sehemu", kisha namba mbili, nne au nane. Ukishajua hivyo unaweza kuzisoma sarafu zao zote bila kamusi.

Sarafu ya kwanza rasmi ilikuwa senti ya shaba ya mwaka 1847, ya Mfalme Kamehameha III. Sheria ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeweka mfumo wa dola na sehemu zake, ikaagizwa senti 100,000 kutoka kwa mafundi wa Attleboro, Massachusetts. Zilipofika, balaa. Sura ya mfalme haikufanana na mfalme. Na maneno ya thamani yalisomeka HAPA HANERI, "sehemu ya mia", wakati wakusanyaji husema ilipaswa kuwa HANELI. R badala ya L. Wakenya tunajua ugomvi huo, kwa hivyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Watu hawakuzipenda, wafanyabiashara hawakuzitaka, na nyingi zilikaa tu bila kutumika. Leo ni sarafu inayotafutwa, na imeigwa mno.

Kosa la herufi liliwarudia tena mwaka 1881, wakati wa Mfalme Kalākaua. Sarafu ya majaribio ya senti tano ilitengenezwa Paris ikiwa na kaulimbiu ya ufalme, Ua mau ke ea o ka aina i ka pono, maana yake uhai wa nchi hudumishwa kwa haki. Fundi akaandika AU badala ya UA. Ikakataliwa. Miaka ya baadaye watu wakatengeneza nakala zake za kuuzia watalii, na mpaka leo zinazunguka minadani zikijifanya za asili. Ukiuziwa moja kwa bei poa, jibu unalo.

Milioni moja iliyoyeyushwa

Zile za 1883 ndizo moyo wa mkusanyo wowote wa Hawaii. Kalākaua alitaka sarafu zenye uso wake, kama mfalme yeyote. Aliyeshika mpango mzima alikuwa Claus Spreckels, tajiri wa sukari aliyekuwa na mashamba Maui na biashara San Francisco. Michoro ilichongwa na Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Marekani, na sarafu zikapigwa San Francisco kwa uzito na ubora ule ule wa fedha za Marekani, asilimia 90. Jumla ilikuwa dola milioni moja kamili: sarafu 500,000 za dala, 700,000 za hapalua, 500,000 za hapaha na 250,000 za umi keneta, yaani senti kumi. Piga hesabu mwenyewe, itakaa sawa. Mpango wa awali ulikuwa hapawalu, senti kumi na mbili na nusu, lakini wakaiacha wafuate mtindo wa Marekani, na chache za majaribio zilizopigwa sasa ni za matajiri pekee.

Spreckels hakufanya hivyo kwa mapenzi. Madini ya fedha ndani ya dala moja yalikuwa na thamani ndogo kuliko dola iliyoandikwa juu, na yeye alilipwa kwa hati za mkopo wa serikali zenye riba ya asilimia 6. Tofauti ilibaki mfukoni mwake. Wapinzani wa mfalme walilipigia kelele sana jambo hilo, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Kila pesa inapoanzishwa, wewe uliza nani anabaki na chenji.

Halafu historia ikageuka. Januari 1893 kundi la wafanyabiashara, wakiungwa mkono na wanajeshi wa Marekani walioshuka kutoka melini, walimpindua Malkia Liliʻuokalani, dada ya Kalākaua. Mwaka 1898 Marekani ikavimeza visiwa. Mwaka 1903 ikapitishwa sheria ya kuondoa sarafu za mfalme: zibadilishwe kwa za Marekani, na kuanzia mwanzo wa 1904 zisiwe pesa halali tena. Zikasafirishwa kurudi San Francisco, kule kule zilikozaliwa, zikayeyushwa. Zaidi ya dala 450,000 kati ya 500,000 ziliingia kwenye chungu. Hapalua zaidi ya 600,000. Hapaha zaidi kidogo ya nusu. Umi keneta, cha ajabu, zisizofika hata mia moja.

Ungedhani basi senti kumi ndiyo iliyo rahisi kupata ikiwa safi, kwa kuwa hazikuyeyushwa. Sivyo. Zilibaki mikononi mwa watu, zikatumika mpaka sura ikafutika, zikapotea, zikatobolewa. Rahisi zaidi ni hapaha. Somo la mkusanyaji liko hapo: idadi iliyopigwa haikuambii chochote mpaka ujue ngapi ziliokoka, na ziliokoka katika hali gani.

Kuna walioziokoa kwa makusudi. Baada ya mapinduzi watu walizipeleka kwa sonara, zikapakwa rangi za kioo, zikafanywa bizimu na vifungo vya shati. Kwa mkusanyaji anayefuata vitabu, sarafu iliyotobolewa imeharibika. Mimi sikubaliani sana. Mtu aliyevaa uso wa mfalme kifuani wakati bendera yake imeshushwa alikuwa anasema jambo, na sarafu safi iliyolala kwenye sefu haisemi hivyo.

Pesa ya dukani kwa bwana

Sehemu hii ni fupi lakini isome, kwa sababu inatugusa sote tunaotumia pesa zisizoshikika. Kisiwani Maui, mashamba ya miwa yalitengeneza tokeni zao za chuma: Wailuku mwaka 1871, Haiku mwaka 1882, na hata reli ya Kahului mwaka 1891. Chenji ilikuwa adimu, ndiyo sababu waliyotoa. Lakini tokeni ya shamba ilikuwa na maana pale shambani na kwenye maduka yaliyokubali kuipokea. Ukihama, unahama na vibati.

Tokeni ya Haiku imeandikwa ONE RIAL. Nilipoisoma nilisimama. Ni lile lile neno la Kihispania, real, thumuni ya dola ya fedha, lililosambaa na sarafu za Wahispania duniani kote. Mashariki likatufikia pwani yetu likawa riale, jina ambalo mababu waliitia dola ya fedha ya Maria Theresa, na Oman mpaka leo wanahesabu kwa riali. Magharibi likaishia kwenye kibati cha shamba la miwa Maui.

Pesa za karatasi za ufalme na za jamhuri iliyofuata sitazikalia sana, kwa sababu wewe na mimi hatutazishika. Hati za ufalme za dola 10 hadi 500 zilianza kutolewa karibu mwaka 1880, na jamhuri ikachapa zake za 1895. Karibu zote zilirudishwa na kulipwa, zilizobaki ni za makumbusho. Moja tu niitaje: shule ya Lahainaluna, pia Maui, ilichapisha pesa zake ndogo za karatasi miaka ya 1840 kuwalipa wanafunzi kazi za mikono. Mwaka 1844 ikagundulika kwamba kuna walioziiga. Ukifundisha vijana kuchonga bamba za shaba, usishangae wakichonga na za kwao. Shule ikatoa pesa mpya zenye alama za siri.

Ukitaka kuanza ukiwa hapa

Anza na kitu cha bei ya chini ambacho hakuna wa kukighushi. Robo dola ya Marekani ya mwaka 2008 yenye sanamu ya Kamehameha I na ile kaulimbiu ya ufalme ilitolewa kwa mamilioni, na mtu anayesafiri anaweza kukuletea bure. Baada ya hapo noti ya dola 1 ya HAWAII iliyotumika, kisha hapaha ya 1883 iliyotumika. Nusu dola ya ukumbusho ya 1928, ile ya miaka 150 tangu Kapteni Cook afike, iache kwanza. Zilipigwa kama 10,000 tu, ziliuzwa dola 2 kila moja wakati huo, na kwa vile ni ghali waghushi wanaipenda kuliko wewe.

Sarafu ya fedha ikikufikia mkononi, kitu cha kwanza ni sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Kitu cha pili ni mizani, na sonara yeyote atakupimia: dala iwe na gramu 26.73, hapalua 12.5, hapaha 6.25, umi keneta 2.5. Sarafu iliyotumika inaweza kupungua kidogo sana kwa kuchakaa. Dala yenye gramu 22 si ya Kalākaua, ni ya mtu mwingine. Kwa sarafu ya bei kubwa nunua ile iliyokaguliwa na kufungwa kwenye plastiki na kampuni kama PCGS au NGC, na namba iliyo kwenye plastiki uiangalie kwenye tovuti yao, maana hata plastiki inaghushiwa.

Usisafishe. Narudia, usisafishe. Majivu, ndimu, dawa ya meno, vyote vinaua thamani kwa dakika moja. Noti usiipige pasi, na usiibandike selotepu. Kwa joto na unyevu wa Pwani, iweke kwenye mfuko wa plastiki ngumu isiyo na PVC, mahali pakavu, mbali na jua. Mkebe wa biskuti wa Mjomba umefanya kazi kwa miaka hamsini, lakini huo ulikuwa bahati.

Na malipo. Hapa nazungumza kama mtu anayepokea malalamiko ya watu kila wiki. Anayenunua ndiye anayelipa. Ukiuza noti, pesa zinakuja kwako, hakuna ada ya usajili, ya cheti, ya bima wala ya "kufungua faili" inayotoka kwako kwenda kwa mnunuzi. Ukaguzi wa kweli unagharimu, ni kweli, lakini unamlipa mkaguzi uliyemchagua mwenyewe, si mtu aliyekuletea bei. Unaponunua wewe, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti na la mtu uliyekuwa unaongea naye, ghairi. Umemtumia tapeli tayari? Omba muamala urudishwe dakika hiyo hiyo, usingoje kesho, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna wa kuirudisha. Kisha ripoti polisi na utunze ule ujumbe wa uthibitisho.

Binamu yangu alisubiri siku tatu. Zile 3,500 hazikurudi. Alipomuuliza "mnunuzi" namba ya noti inaanza na herufi gani, akafungiwa.

Noti yenyewe Mjomba alikataa kuiuza. Nilipomweleza habari za tanuri la sukari na wavu juu ya bomba la moshi, alicheka mpaka akakohoa, akaitisha simu ya binamu ili nimweleze tena akirekodi. Niliporudi Likoni mwezi uliofuata nilimpelekea mfuko wa plastiki ngumu. Ameiweka humo, imenyooka, mikunjo yake miwili inaonekana, na mkebe sasa umebaki wa sarafu tu.